Mkono Unaogusa Mche

(Mada iliyotolewa na idara yetu ya kilimo na mazingira mbele ya kamati za maendeleo za parokia, Mafiga, Morogoro)



Tunaomba tuanze na mmea ambao watoto wetu wanaufahamu kuliko sisi, nao ni kifaurongo. Mtoto akiugusa, majani yanajikunja na kulegea kama yaliyokufa. Akiuacha kwa dakika chache, yanafunguka tena, naye anacheka na kuugusa mara ya pili. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ni mmea huo peke yake uliopewa uwezo wa kuhisi mkono. Leo tumekuja kuwaeleza kwamba mnyanya nao unahisi, mharage unahisi, hata mti wa mbao unahisi. Tofauti ni kwamba hiyo mingine haijikunji mbele ya macho yetu. Jibu lake huonekana baada ya siku nyingi, katika unene wa shina, urefu wa mmea, na namna unavyopambana na ugonjwa.

Kwa nini tunalizungumza hapa

Sisi tulioketi hapa Mafiga tuko chini ya Milima ya Uluguru. Huko juu, hasa upande wa Mgeta, wakulima wanalima nyanya, kabichi, viazi na mboga nyingine zinazouzwa katika soko la Morogoro na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Maji yanayotiririka kutoka milima hiyo ndiyo yanayojaza mito yetu. Mto Ngerengere unaingia Bwawa la Mindu, ambalo ni tegemeo la maji ya mji huu. Mto Ruvu unakwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo dawa inayopulizwa kwenye mteremko wa mlima haibaki kwenye shamba la aliyeipuliza. Mvua ikinyesha, sehemu yake inateremka pamoja na udongo.

Aidha, dawa ni gharama. Mama anayekopa katika kikundi cha VICOBA ili anunue mbegu na dawa ya ukungu hulipa deni lake iwe nyanya zimeiva au zimeoza. Miche ikiwa dhaifu tangu kitaluni, anaanza msimu akiwa nyuma. Tunajua sote miche dhaifu inavyoonekana: imesongamana, imewekewa kivuli kizito, imerefuka haraka, shina jembamba kama uzi, rangi imepauka. Ikihamishiwa shambani, upepo wa kwanza unailaza chini. Kisha jani linalolala juu ya udongo wenye unyevu hupata ugonjwa mapema, na mwenye shamba anakimbilia dukani kununua dawa.

Swali letu la leo ni dogo. Je, kuna kitu ambacho mikono yetu inaweza kufanya, kabla ya kufungua chupa ya dawa, ili mche uwe imara? Jibu ni ndiyo. Lakini mikono hiyo hiyo inaweza pia kuuangamiza. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho, maana anayeondoka na nusu ya mada hii anaweza kupata hasara.

Mmea unahisije mguso

Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Ohio nchini Marekani, Mark Jaffe, aliandika matokeo ya majaribio yake. Alikuwa akisugua mashina ya mimea mbalimbali kwa upole kila siku, na mingine akaiacha bila kuigusa. Mingi iliyosuguliwa ilikuwa mifupi na mashina yake yakawa manene. Jaffe aliipa hali hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya umbo kubadilika kwa sababu ya mguso.

Mwaka 1990 Janet Braam na Ronald Davis wa Chuo Kikuu cha Stanford waligundua jambo lingine bila kulitafuta. Walikuwa wakipulizia mmea mdogo wa jamii ya kabichi, uitwao arabidopsisi, homoni za mimea ili waone ni jeni zipi zitaamka. Kama ilivyo desturi ya jaribio la haki, mimea mingine ilipuliziwa maji matupu ili kulinganisha. Walishangaa kuona kwamba hata iliyopuliziwa maji iliamsha jeni zilezile. Sababu haikuwa homoni. Mpulizo wenyewe uliogonga majani ndio uliokuwa ujumbe. Katika muda wa nusu saa tu baadhi ya jeni hizo zilikuwa zimeongeza kazi yake mara nyingi sana, hata kufikia mara mia.

Kwa lugha rahisi, mambo yanakwenda hivi. Jani au shina linapopindwa kidogo, ngozi ya chembe zake hunyooshwa. Kalsiamu huingia ndani ya chembe kwa haraka, na hiyo ni kama kengele ya kigango inayopigwa kuwaita watu. Kengele ikilia, mmea huanza kutengeneza homoni, mojawapo ikiwa ile inayoitwa jasimoneti. Homoni hiyo huuambia mmea upunguze mbio za kurefuka na ujikaze. Mpangilio huu una maana yake. Mmea unaotikiswa na upepo mlimani ukirefuka sana utavunjika. Ukiwa mfupi na mnene, utasimama.

Wazee wetu wana msemo: samaki mkunje angali mbichi. Ndivyo ilivyo kwa mche pia. Anayeulea kwa kivuli na utulivu mtupu anauandalia anguko siku ya upepo. Huko Australia, mtaalamu wa misitu M. R. Jacobs alieleza mwaka 1954 jinsi misonobari iliyofungwa kwa waya isiyumbe ilivyokosa kunenepa chini ya shina kama ile iliyoachwa iyumbe. Tunalitaja hili kwa sababu parokia nyingi zinapanda miti. Mche wa mti ukifungwa kwenye kigingi, ufungwe kwa kulegeza ili uweze kuyumba kidogo, na kamba iondolewe mara mche unapojimudu.

Mguso na kinga ya magonjwa

Sasa tuje kwenye magonjwa. Mwaka 2012 Janet Braam, akiwa sasa katika Chuo Kikuu cha Rice, alitoa pamoja na wenzake matokeo mengine. Mimea ya arabidopsisi iliyoguswaguswa mara kwa mara ilikuwa na jasimoneti zaidi. Ilipowekewa ukungu wa kijivu, ugonjwa ambao hapa kwetu unaweza kushambulia nyanya na maharage, madoa yake yalikuwa madogo kuliko ya mimea isiyoguswa. Hata viwavi wanaokula kabichi hawakustawi juu yake. Walipochukua mimea isiyoweza kutengeneza homoni hiyo na kuigusa vilevile, haikufupika. Hapo wakajua kwamba homoni hiyo ndiyo inayobeba ujumbe wa mguso.

Mwaka 2013 watafiti wa Fribourg, nchini Uswisi, walisugua jani taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, bila kulijeruhi. Jani hilo nalo lilipata nguvu ya kuukabili ukungu uleule wa kijivu. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vinyweleo vidogo vilivyo juu ya jani huhisi tone la mvua linapoanguka, na kuliamsha jani lijilinde. Hekima yake iko wazi kwa mtu wa Uluguru. Tone la mvua ndilo linalorusha mbegu za ukungu kutoka jani hadi jani. Mmea unaposikia mvua, unajua kwamba adui anaweza kuwa njiani.

Na kifaurongo je? Mwaka huohuo wa 2022 watafiti wengine wa Japani walitengeneza mimea ya kifaurongo isiyoweza kukunja majani. Panzi waliila zaidi kuliko ile inayojikunja. Kumbe kile ambacho watoto wetu wanakiona mchezo, kwa mmea ni ulinzi wa uhai wake.

Ndugu wanakamati, tusizidishe maneno. Mengi ya majaribio haya yalifanywa ndani ya vyumba maalumu, kwa mmea mdogo usioliwa. Hatusemi kwamba kupapasa nyanya kutazuia bakajani shambani, wala hakutamzuia kanitangaze, mdudu aliyeingia nchini mwetu mwaka 2014. Tunachosema ni kwamba mmea una kinga yake, na kwamba kinga hiyo inaweza kuamshwa kwa jambo dogo kama mguso. Kwa upande wa nyanya, lililothibitishwa vizuri ni uimara wa miche. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Garner na Björkman, walionyesha kwamba miche ya nyanya iliyopapaswa kitaluni ilikuwa bora kwa kuhamishwa, na haikupata hasara ilipofika shambani.

Mkono uleule huleta ugonjwa

Sasa tunafika kwenye nusu ya pili ya mada, ile ambayo tuliomba msiikose.

Mkono unaoimarisha mche ndio huohuo unaoubebea ugonjwa. Kirusi cha kwanza kabisa kutambuliwa na wanasayansi duniani kilikuwa cha mmea. Ni kile cha batobato ya tumbaku, ambacho Beijerinck wa Uholanzi alikieleza mwaka 1898. Kirusi hiki hakihitaji mdudu wa kukibeba. Kinatosheka na vidole, nguo na kisu. Kinaweza kukaa miaka mingi ndani ya tumbaku iliyokauka, na kinashambulia nyanya na pilipili pia. Mtu aliyesokota sigara au kunusa ugoro kisha akaenda kuondoa machipukizi ya nyanya bila kunawa anaweza kukipeleka shina moja hadi jingine, mstari mzima.

Tazameni pia mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Uliingia Uganda na kuripotiwa mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa kwetu Tanzania, mkoani Kagera. Mojawapo ya njia zake kubwa ni panga. Mkulima anakata jani kwenye mgomba mgonjwa, anapita kwenye mgomba mzima, anakata tena. Anadhani anasafisha shamba, kumbe anapanda ugonjwa. Wataalamu walishauri ua dume linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe kwa kulizungusha kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga, na panga likitumika lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa dawa ya klorini kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hapa pia suala ni mguso, na namna tunavyogusa.

Katika Injili tunasoma jinsi Bwana alivyomgusa mwenye ukoma, naye akatakasika. Mguso wake uliponya. Sisi mikono yetu si ya namna hiyo. Inahitaji kunawishwa kwanza.

La kufanya vitaluni

Mahali hapa tulipokutania panaitwa Mafiga, na kila aliyepikia kuni anajua maana ya neno hilo. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo tunawapa mafiga matatu, na tunawaomba msichukue moja mkaacha mawili.

Figa la kwanza ni mkono mwepesi. Miche ya nyanya ikifikia urefu wa sentimita 6 hivi na majani yakianza kugusana, chukueni ufito laini au kipande cha bomba jepesi la plastiki, mkipitishe juu ya miche kwa upole ili vichwa viiname na kuinuka. Mipapaso 10 hadi 20 kwa siku inatosha. Fanyeni hivyo kila siku mpaka wiki ya kuhamisha. Ufito usikwaruze wala kuchana jani, kwa kuwa jeraha ni mlango wa ugonjwa. Nyanya, bilinganya na matango huitikia vizuri. Hoho majani yake huumia upesi, hivyo msianze nayo. Pamoja na hayo, punguzeni kivuli kidogo kidogo, ili upepo nao uifanye kazi ambayo Mungu aliupa. Miche ikishahamishwa na kushika, acheni kupapasa. Mmea unaoguswa muda wote hutumia nguvu zake katika kujikaza, na katika majaribio ya arabidopsisi mimea ya namna hiyo ilichelewa hata kutoa maua.

Figa la pili ni mkono safi. Naweni kwa sabuni kabla ya kuingia kitaluni, na mara mbili kwa aliyeshika tumbaku. Msipapase miche ikiwa na umande au mvua, kwa sababu maji juu ya majani hubeba ukungu na bakteria. Subirini jua likaushe majani. Mkiona mche mmoja wenye madoa au batobato, siku hiyo kazi ya kupapasa isimame. Ng'oeni mche huo, uchomeni au ufukieni mbali na shamba, na osheni ufito. Shambani, anzeni kazi upande wenye afya na mmalizie upande wenye ugonjwa, msifanye kinyume chake.

Figa la tatu ni shamba lenyewe. Mbegu safi, nafasi ya kutosha kati ya shina na shina, kubadilisha mazao ili nyanya zisifuate nyanya au viazi, samadi iliyoiva, na matandazo yanayozuia udongo kurukia majani. Bila figa hili, yale mawili yataanguka pamoja na chungu.

Tusifanye amri

Tunapenda kutoa angalizo moja. Milima hii ina kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya ngazi katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kazi ilikuwa nzito na wengi hawakuona faida yake. Mwaka 1955 kukatokea ghasia Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Huenda waliouleta walikuwa na nia ya kuokoa udongo. Hata hivyo, walitoa amri kwa watu ambao hawakupewa nafasi ya kujaribu na kukataa.

Kwa hiyo hatuwaletei amri. Tunaomba kila kigango chenye kitalu kitenge matuta mawili yenye mbegu moja, udongo mmoja na maji sawa. Tuta moja lipapaswe, jingine liachwe. Siku ya kuhamisha, pimeni urefu na unene wa shina, hesabuni miche iliyo mizima, na muandike katika daftari. Wiki tatu baadaye, hesabuni iliyosimama na iliyolala. Akina mama wanaomwagilia kila siku ndio watakaokuwa mashahidi wa kwanza, basi wao ndio washike daftari. Mkiona tofauti, endeleeni. Msipoiona, tuambieni hivyohivyo. Walio karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wawaendee wataalamu wa pale na daftari hilo mkononi, kwa maana mtaalamu humsaidia zaidi anayekuja na hesabu kuliko anayekuja na malalamiko.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu mnaotusaidia, mmezoea kupokea kutoka kwetu maombi ya pampu, mbegu na dawa. Tunawashukuru kwa yote mliyotupa. Kwa jambo hili hatuombi mradi mpya. Ufito tunao, sabuni tunaweza kununua, na daftari si ghali. Tunachowaomba ni uvumilivu wa kusubiri taarifa ya misimu miwili kabla hatujasema kwamba jambo hili linafaa kuenezwa, na ruhusa ya kuwaandikia ukweli hata kama matokeo yatakuwa madogo. Mara nyingi sisi watu wa miradi tumeandika taarifa nzuri kuliko mashamba yenyewe. Tunakiri kosa hilo. Mama mwenye deni hafaidiki na taarifa nzuri, bali na mche unaosimama.

Mwisho

Katika Injili ya Luka upo mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, ili aulimie pembeni na kuutilia samadi. Hakuahidi muujiza. Aliahidi kuukaribia mti ule na kuutunza kwa mikono yake. Hiyo ndiyo kazi tunayowaomba: kuingia kitaluni kila siku, kuitazama miche kwa karibu, kuigusa kwa upole na kwa mikono iliyonawiwa. Mkulima anayefanya hivyo hupata faida nyingine ambayo haimo katika vitabu vya jeni. Huliona doa la kwanza la ugonjwa siku linapotokea, wakati bado mche mmoja tu unatosha kung'olewa.

Mkirudi nyumbani leo, mkutane na kifaurongo njiani, kiguseni mbele ya watoto. Kisha waelezeni kwamba mche wa nyanya nao unasikia.